Milamula ya Kanyinya

Jumanne aliyofariki Avit, majembe yalilala Nyarugongo nzima. Ndiyo desturi ya upande ule wa Kaagya: maiti akiwa bado ndani, hakuna anayelima, hata mwenye magugu yanayofika magotini. Kwa hiyo mnamo saa tano asubuhi watu walitoka mmoja mmoja kwenye vibanja vyao, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, mikono mitupu, wakaja kukaa kwenye nyasi mbele ya nyumba yake. Kokuhirwa, mkewe, alikuwa ndani. Alikuwa amekaa kitandani upande wa ukutani, upande ambao haukuwa wake.

Asubuhi Avit alikuwa amelalamika kwamba kifua kinambana. Alisema ni gesi tu. Akavaa shati lake la kola, akafunga ramani kwa mpira kwenye keria ya pikipiki, akarudi ndani kuchukua kalamu, na hakutoka tena. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Mpaka jioni pikipiki ilibaki uani na ramani yake mgongoni, na kila aliyepita aliitazama kisha akageuza uso.

Ramani ile ilikuwa ya chemchemi ya Kanyinya, na Avit alikuwa anaipeleka halmashauri.

Kwa miaka tisa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kuzisaidia halmashauri, kwanza ya Bukoba, baadaye na ya Muleba, kuyageuza maneno ya maendeleo endelevu kuwa kitu ambacho mtu anaweza kukifanya kwa panga na jembe. Hakuwa mtumishi wa serikali. Alikuwa na wenzake wawili, ofisi ya chumba kimoja Kagondo, na hiyo pikipiki. Halmashauri zilikuwa na mipango mizuri iliyochapwa vizuri. Avit alizoea kusema kwamba mpango uliochapwa ni kama ndizi mbichi: chakula ni chakula, lakini lazima apatikane wa kumenya.

Kokuhirwa alikuwa katibu wake asiye na cheo. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na hati yake ilikuwa safi, wakati hati ya Avit ilifanana na nyayo za kuku waliopita kwenye majivu. Kila mpango wa kijiji, kila muhtasari wa mkutano, ulinakiliwa upya mezani kwake kabla haujafika kwa mkubwa yeyote. Aliijua mipango ile kama watu wanavyojua sala.

Na mpango wa Kanyinya aliujua kuliko yote, kwa sababu ulikuwa umekataliwa mara mbili.

Chemchemi ilikuwa inakauka. Zamani ndoo ya lita ishirini ilijaa kabla hujamaliza kusalimiana na jirani. Sasa ilichukua dakika kumi na moja, na kaya mia na themanini zilikuwa zikipanga foleni hapo hapo. Sababu ilionekana kwa macho. Miaka thelathini na kitu nyuma ulipita mradi mmoja ukigawa miche ya bure na kuhimiza watu watunze mazingira, na wazee wakatii. Waliizungushia Kanyinya mikaratusi kila upande, kama ndugu wanaomzunguka mgonjwa. Mkaratusi hunywa kuliko ng'ombe. Miti ikanenepa, maji yakakonda.

Sheria ndogo aliyoiandaa Avit ilisema ndani ya mita sitini za chemchemi usibaki mkaratusi hata mmoja. Mahali pake ipandwe mitoma na misizi, miti isiyogombana na maji. Ilihitaji kupitishwa kwanza na mkutano mkuu wa kijiji, ndipo iende kwa madiwani. Mara mbili Avit aliipeleka mkutanoni akaeleza kwa chati na takwimu, na mara mbili ikaanguka. Aliyeiangusha zaidi ya wote alikuwa Karugendo, kaka yake wa tumbo moja.

Walimzika Avit Alhamisi, ndani ya kibanja, kati ya migomba na mibuni. Baada ya padri kuondoka, dada mmoja mnene mwenye kitenge cha msiba kilichofungwa vibaya alimfuata Kokuhirwa. Alikuwa Violeth, afisa mazingira wa halmashauri, aliyefanya kazi na Avit tangu mwanzo.

"Mama Elieth," alisema, maana binti wa Kokuhirwa anaitwa Elieth. "Kuna jambo sikutaka kulisema leo."

"Sema tu. Leo au kesho, mwenyewe hayupo."

"Baraza la madiwani linakaa tarehe ishirini na nane mwezi ujao. Nyarugongo isipopitisha sheria kabla ya hapo, nafasi yake inapewa kijiji kingine. Kurudi tena kwenye orodha ni miaka minne."

"Kanyinya haina miaka minne."

"Najua, waitu," alisema Violeth, kwa neno la Kihaya la upole. "Ndiyo maana nimekuambia."

Kokuhirwa alihesabu kichwani. Zilikuwa zimebaki wiki sita. Kijiji kilikuwa kimekwishakataa mara mbili mtu akiwa hai na chati mkononi. Sasa aliyekuwa akishika chati yuko chini ya udongo, na aliyebaki ni mjane ambaye desturi ilimtaka akae nyumbani mpaka arobaini ipite.

Wakati wa matanga majirani walimletea maji. Walipotawanyika, siku ya kumi, alichukua ndoo akateremka Kanyinya mwenyewe. Hapakuwa na foleni saa ile. Alimkuta Karugendo tu, mtu mrefu mwenye sauti kama kengele ya kanisa, akizunguka kwenye mikaratusi yake na kuipigapiga kwa kiganja kama anayekagua ng'ombe.

"Shemeji! Umeanza kuchota mwenyewe? Watoto wa kijiji hiki wamekwisha?"

"Wako shule, Ta Karugendo," alijibu, akimwita kwa heshima ya Kihaya.

"Basi tafuta pa kukaa. Ndoo yako itajaa Krismasi."

"Ingejaa sasa hivi isingekuwa miti yako."

"Haa!" Karugendo alicheka, lakini macho yake hayakucheka, msiba ulikuwa wake pia. "Ndugu yangu kakuachia ndoo na ugomvi wake wote."

Kokuhirwa alikinga ndoo kwenye bomba la mwanzi. Maji yalitoka kwa uzi mwembamba. Alikuwa amechoka sana kiasi kwamba hakuwa na nguvu ya kubishana, na huenda hilo ndilo lililomsaidia. Badala ya kueleza, aliuliza.

"Mara ya mwisho uliuza nguzo lini?"

"Nguzo ya hii? Tazama ilivyopinda. Nani atanunua?"

"Kuni je?"

"Moshi mtupu. Mke wangu hataki kuziona."

"Sasa inakufaa nini?"

Karugendo aliugeukia mkaratusi. Akabandua ganda la mti kwa kucha, akalitupa.

"Wewe umezaliwa Kagondo, mjini, hujui mambo ya rweya," alisema mwishoni, na sauti ilikuwa imeshuka. "Kibanja ni cha ukoo, kinajulikana. Hapa palikuwa nyasi tupu, rweya, pa wote na si pa mtu. Baba yetu alipanda hii miti, ndiyo maana ni petu. Nikiikata leo, keshokutwa Lukmani, huyu jirani wa shamba, anaamka na jembe na mihogo yake. Nitamwonyesha nini? Kisiki?"

Kokuhirwa alimtazama mpaka ndoo ikajaa na kumwagika miguuni pake.

Miaka miwili. Miaka miwili Avit alikuwa amewaeleza habari za lita na mizizi na mita sitini, na alikuwa sahihi katika kila alilosema. Lakini hakuna hata mmoja kati ya wale watu kumi na mmoja wenye miti pale aliyekuwa akibishia maji. Walikuwa wanalinda ardhi. Miti ile ilikuwa hati zao za kumiliki. Avit aliwaomba wachome hati, kisha akashangaa wanavyokataa.

Alipanda kilima na ndoo kichwani, na kilichomuuma njia nzima si uzito. Ni kwamba alikuwa amempata mumewe na kosa, kosa kubwa na la wazi, la kumtania nalo mwezi mzima, na hakuwa naye wa kumwambia.

Alitua ndoo kwenye mpaka wa kibanja chake kupumzika. Mpaka ule ulikuwa na safu ya milamula, ile mimea myembamba yenye majani marefu kama panga, ambayo Wahaya wamepanda mipakani tangu kabla ya serikali yoyote. Upande wa pili ni kwa mzee Kahigi. Babu yake Avit na baba yake Kahigi waliipanda pamoja, mashahidi wakitazama, na tangu siku hiyo hakuna aliyevuka hata kwa unyayo mmoja. Kesi ya mpaka ikienda baraza la kata, kitu cha kwanza wazee wanachouliza ni milamula iko wapi. Mtu anaweza kubishia karatasi. Mlamula hakuna anayeubishia.

Lakini ilikuwa mimea ya vibanjani. Rweyani hakuna aliyewahi kuipanda, kwa sababu kule mkaratusi ndio ulifanya kazi hiyo.

Kokuhirwa alisimama pale muda mrefu. Kisha akaichukua ndoo, akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake.

Ma Joviana alikuwa barazani akitafuna kahawa. Alisikiliza wazo la kupanda milamula Kanyinya mpaka mwisho.

"Tatizo ni mimi, Ma," alimalizia Kokuhirwa. "Arobaini haijafika. Mjane hasimami mkutanoni."

"Nani kakuambia?"

"Si desturi?"

"Desturi niliikuta kabla yako." Ma Joviana alitema ganda la kahawa kando. "Inakataza ngoma. Inakataza harusi. Haijawahi kukataza mtu kuchota maji. Nenda kachote."

Siku ya pili yake Kokuhirwa alikuwa ofisini kwa Violeth mjini Bukoba, ameketi kwenye kiti ambacho Avit alizoea kukikalia. Violeth alisikiliza huku akigongagonga kalamu mezani, kisha akavuta faili.

"Kwenye fomu za mpango wa ardhi kuna sehemu ya alama za mipaka," alisema. "Watu huandika mawe au nguzo za zege. Zege lenyewe Nyarugongo haliwezi kufika kabla ya miezi sita."

"Mlamula je?"

"Hakuna aliyewahi kuuandika."

"Kuna aliyewahi kuukataza?"

Violeth alianza kusoma. Alisoma ukurasa mmoja, akafunua wa pili, na kidole chake kikasimama. Akainua uso, akiwa na tabasamu la kwanza tangu mazishi.

"'Au alama nyingine ya kudumu inayotambuliwa na jamii husika.'"

"Mlamula unatambuliwa kuliko mwenyekiti wa kijiji."

"Usimwambie Datius hivyo!" Walicheka wote wawili, kila mmoja akijua ni nani angecheka kwa sauti zaidi. Violeth alijifuta macho kwa kiganja. "Nimesoma shahada mbili za mazingira, Mama Elieth. Hakuna aliyenifundisha kuuliza mti unamfanyia nini mwenye mti."

"Hata mimi nimefundishwa na Karugendo. Lakini hajui."

Mkutano mkuu wa kijiji uliitishwa Jumamosi, siku tisa kabla ya baraza la madiwani. Watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji mpaka barabarani. Datius, mwenyekiti, alisoma ajenda, na kabla hajafika chini Karugendo alikuwa amesimama.

"Mwenyekiti, nataka niseme mapema ili tuwahi kula. Avit alikuwa mdogo wangu. Nimemzika kwa mikono hii. Alikuwa na akili kuliko sisi wote hapa, na kuliko wewe Datius bila ubishi." Watu wakacheka. "Lakini kwa habari ya miti ile, alikosea. Na kufa hakumfanyi mtu awe amepatia."

Wengine waliona amevuka mpaka. Watu waligeuka kumtazama Kokuhirwa, aliyekuwa amekaa kwenye nyasi na kitenge cheusi begani.

Alisimama. Sauti ilitoka nzima.

"Ta Karugendo amesema kweli," alisema. "Avit alikosea."

Mkutano mzima ulivuta pumzi.

"Alikuja kwenu mara mbili kuwaeleza maji. Nani hapa hajui maji? Mtu anayesubiri ndoo dakika kumi na moja anafundishwa nini? Hakuwauliza miti ile inawafanyia nini. Mimi naomba niulize. Mzee Kahigi, waitu, mkaratusi wako wa mwisho umeukata lini?"

Kahigi, mzee mdogo wa umbo aliyevaa koti la mvua kwenye jua kali, alishtuka kutajwa. "Mimi? Sijawahi kukata."

"Kwa nini unautunza?"

"Unashika."

"Unashika nini?"

"Si unashika mahali!" Kahigi alishangaa kuulizwa kitu cha wazi namna hiyo. "Nikiutoa, mahali panapotea."

"Mnamsikia," alisema Kokuhirwa. "Basi mimi sisemi mkate. Nasema kwanza tupande milamula. Kila mwenye sehemu pale Kanyinya azungushie sehemu yake, majirani wote wakiwepo, kijiji kizima kikiwa shahidi. Dada Violeth hapa ataichora kwenye ramani na jina la mwenye nayo. Ikishashika, mahali panabaki pa mtu yule yule. Hapo ndipo mkaratusi unaondoka, mtoma unaingia. Sehemu inabaki yako, na maji yanabaki ya wote."

Karugendo alikuwa bado amesimama. Alikunja mikono.

"Maneno matamu. Na mimi nikishakata, Lukmani aking'oa milamula yangu?"

Nyuma kabisa mtu alisimama kwa nguvu mpaka kofia yake ikamdondoka. Alikuwa Lukmani mwenyewe, mwenye shamba linalopakana na chemchemi, mtu mpole anayejulikana kwa ukimya.

"Mimi?" alisema. "Mimi, Ta Karugendo? Miaka kumi na sita mimi siogopi kitu kingine ila wewe! Kila siku namwambia mke wangu, huyu mzee akikata ile miti amekwishahamia kwangu. Mimi nimepanda ya kwangu kwa ajili yako!"

Mtu mmoja akacheka, halafu wawili, halafu mkutano mzima ukapasuka. Wanawake walishikana mabega. Datius aliweka kofia usoni. Watu kumi na mmoja waliokuwa na miti pale walianza kutazamana, kila mmoja akisoma kwenye uso wa mwenzake hofu ile ile aliyokuwa ameificha. Kahigi aliulizwa yeye alimwogopa nani, akasema Datius, na kicheko kikaanza upya.

Karugendo peke yake hakucheka kwanza. Alisimama akimtazama Lukmani, na polepole mabega yake yakaanza kutikisika, mpaka ile sauti ya kengele ikatoka.

"Kwa hiyo tumekauka kwa sababu ya kuogopana," alisema. "Mwenyekiti, andika. Milamula kwanza, panga baadaye. Isipoandikwa hivyo, mimi simo."

Kokuhirwa aliandika hapo hapo, daftari likiwa gotini, kwa hati yake safi. Kipengele cha nne: hakuna mti utakaoondolewa kabla mpaka haujapandwa mbele ya mashahidi. Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Mikono mia mbili na kumi na minne ilipanda juu. Waliokataa walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa Kahigi, ambaye baadaye aliapa kwamba alikuwa anafukuza nzi.

Hakuna aliyesubiri baraza la madiwani. Jumatatu watu walishuka Kanyinya na vipande vya milamula vilivyokatwa kwenye mipaka ya vibanja vyao, maana mlamula ukiuchomeka ardhini, hata bila mizizi, unashika. Kokuhirwa na Violeth walivuta kamba yenye fundo kila mita kumi. Karugendo na Lukmani walipanda mpaka wao pamoja, mmoja akichimba na mwingine akichomeka, wakigombana kila hatua.

"Sogeza kwako kidogo."

"Nikisogeza nitakuwa jikoni kwangu."

"Jiko lako zuri, nitakuja kula."

Siku ya tatu walimaliza. Sehemu kumi na moja zilikuwa zimezungushiwa, na kila moja ilikuwa na jina kwenye ramani, ile ramani ambayo Avit aliifunga kwenye pikipiki, sasa ikiwa na mistari mipya ya wino wa kijani.

Tarehe ishirini na nane walikwenda Bukoba watu kumi na tisa kutoka Nyarugongo, ingawa aliyealikwa alikuwa mmoja. Violeth aliwasilisha. Diwani mmoja mwenye miwani mikubwa aliinua mkono.

"Mheshimiwa mwenyekiti, nielewe vizuri. Tunaombwa kupitisha sheria inayotegemea majani?"

Kicheko kidogo kilipita ukumbini. Mwenyekiti wa baraza alimpa Kokuhirwa ruhusa ya kujibu.

"Mheshimiwa diwani," alisema, "kwenye kibanja chako mpaka wako na jirani ni nini?"

Diwani alivua miwani. Akafikiri. "Ni milamula," alikiri.

"Umewahi kuletewa kesi?"

"Hapana. Ile aliipanda marehemu babu."

"Basi sheria hii imekwisha kupitishwa na babu yako. Tunaomba tu baraza limuunge mkono."

Safari hii kicheko kilikuwa cha ukumbi mzima, na kutoka viti vya wageni sauti ya kengele ilipiga "Naam!" kwa nguvu hivi kwamba askari wa mlangoni alikwenda kumwomba Karugendo anyamaze au atoke. Sheria ilipita bila kupingwa. Walipotoka nje, Nyarugongo yote iliyokuwepo ilianza kuimba kwenye maegesho, na Violeth akavua viatu vyake virefu ili acheze.

Kokuhirwa naye aliimba. Arobaini ilikuwa imekwisha kupita, hakuna aliyeweza kumlaumu. Katikati ya wimbo aligeuka kushoto kumwambia mtu jambo, akakuta ukuta. Akageuka kulia, akamwambia Karugendo.

Mikaratusi ilikatwa mwezi uliofuata. Kwa kuwa mkaratusi ukikatwa huchipua kama aliyetukanwa, walibandua maganda ya visiki na kuvifukia kwa udongo, kisiki kwa kisiki. Wanawake walileta miche ya mitoma na misizi kwa ungo. Mvua za vuli zilikuja kwa wakati wake, zikanyesha vizuri, na watu wakaanza tabia mpya ya kupima ndoo kwa simu.

Mwezi wa kwanza baada ya kukata hakuna kilichobadilika, na waliopiga kura ya hapana walianza kutembea vifua mbele. Kabla ya Krismasi ilikuwa dakika nane. Mwezi Februari, sita. Baada ya masika, asubuhi moja, Ma Joviana mwenyewe aliteremka na fimbo yake, mara ya kwanza kwa miaka, akamwomba Kokuhirwa amwekee ndoo. Maji hayakutoka tena kwa uzi. Yalitoka yakiwa yamejaa mwanzi, yakipiga chini ya ndoo kwa kishindo. Lukmani alishika simu. Watu waliokuwa kwenye foleni walisogea karibu.

"Dakika moja na sekunde hamsini," alisema Lukmani.

Vigelegele vilipanda kilima mpaka vikafika ofisi ya kijiji, na Datius alitoka mbio akidhani kuna moto. Karugendo alikuwa amekwishapanda juu ya jiwe.

"Nilisema nini mimi?" alinguruma. "Milamula kwanza, panga baadaye! Hiyo ni sheria yangu!"

"Wewe uliyekataa mara mbili?" alipaza sauti mwanamke mmoja.

"Nilikuwa naiboresha!"

Ma Joviana aliingiza mkono kwenye ndoo, akayanywa maji ya kiganjani, akamimina yaliyobaki taratibu juu ya udongo, kwa ajili ya mwanawe, kisha akamshika Kokuhirwa mkono ampandishe nyumbani.

Habari ilitembea. Barua ya kwanza ilitoka kata jirani, ya pili ilitoka Muleba, ambako kuna vijiji vilivyozungushia vyanzo vyao vya maji mikaratusi ile ile na wenye miti wameng'ang'ania vile vile. Wenzake wawili wa Avit waliomba Kokuhirwa aje ofisini Kagondo kwa wiki mbili kuwaelekeza. Wiki mbili ziligeuka mwezi, na mwezi ukageuka kazi. Amejifunza kuendesha pikipiki. Akifika kijijini hafungui chati siku ya kwanza. Anakwenda kwenye chanzo na kila mwenye mti, anauliza, anaandika.

Mpaka sasa sheria za namna hiyo zimepita katika vijiji saba, vinne Bukoba na vitatu Muleba. Wiki hii Kokuhirwa na Violeth wanavuka ziwa kwenda kisiwa cha Bumbire, ambako wavuvi wameomba msaada wa kupanga ufukwe wa mazalia ya samaki. Boti inaondoka Jumatano saa mbili asubuhi.